Chuma Nilichokitoa kwa Kifuniko cha Mama

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua nyinyi vijana: mkimwona mtu amefunga duka lake na ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, mnadhani dunia imempita. Haijanipita. Leta simu yako hapa. Nionyeshe picha ya saa, ya pete, ya rimu ya gari, chochote kinachong'aa, nami nitakuambia kama chuma hicho kiliwahi kushikwa na mkono wa mtu au kilizaliwa ndani ya kompyuta. Nitakuambia jua lilikuwa upande gani. Nitakuambia hata kama aliyekitengeneza alikuwa na njaa siku hiyo, maana mtu mwenye njaa hamalizi kona.

Kazi yangu ilikuwa hiyo, kutengeneza chuma bila moto. Chumba kimoja Kayole, chini ya gorofa, mlango unatazama Spine Road, pazia limefunika nusu ya mlango ili mtu asiyenunua asione kioo cha kompyuta yangu. Nilitengeneza mabango ya makanisa, kadi za biashara, vitabu vya mazishi, majina ya kubandika kwenye malori. Mteja akitaka herufi za dhahabu, alipata dhahabu. Akitaka kromu, alipata kromu unayoweza kujitazama ukinyoa ndevu. Kuna watu Eastlands nzima, upande wetu huu wa jiji, walisoma chuo miaka minne wakaja kuniuliza, "Musyoka, hii unafanyaje?" Na mimi shule niliiachia darasa la sita. Kompyuta ilinisemesha Kiingereza, nikaijibu kwa kidole. Sikusoma maneno, nilisoma alama. Ndoo inamwaga rangi, muhuri unanakili, kifutio kinafuta. Kama kitu hakikuwa na alama, nilikibonyeza nione kitaharibu nini. Niliharibu vingi.

Somo la kwanza nakupa bure, na mimi si mtu wa kupeana vitu bure. Dhahabu haina njano unayoifikiria. Mtu aliyeanza kazi jana akitaka dhahabu anachukua ndoo anamwaga njano, anapata kastadi. Dhahabu ni kahawia. Kahawia nzito inayokaribia weusi pale chini, halafu haradali, halafu ghafla mstari mwembamba mweupe kama mtu amefungua mlango, kisha kahawia tena. Njano inapita hapo katikati kama mgeni. Usiogope giza. Wengi wanaogopa giza, wanaweka mwanga kila mahali, na chuma chao kinakuwa plastiki.

Na ujue pa kuiweka. Mjane mmoja aliwahi kuniletea kazi ya kitabu cha mazishi ya mumewe. Nilikuwa nimejifunza kromu wiki hiyo, mikono inawasha. Nikaandika jina la marehemu kwa kromu, na nyota ya mwanga kwenye herufi ya kwanza. Mama yule alikitazama kitabu muda mrefu, akakifunga.

"Fundi," akasema, "mzee wangu hakuwa matatu."

Nikarudia kazi yote kwa herufi nyeusi. Hilo nalo ni somo.

Aliyenifundisha kromu yenyewe alikuwa Mzee Kamau, aliyekuwa akiandika majina ya malori kwa brashi kabla kompyuta haijamnyang'anya kazi. Tuseme ukweli, aliyemnyang'anya ni mimi, lakini hakunichukia. Alikuja dukani siku moja na kopo lake la rangi mkononi, akasogeza pazia bila kuomba ruhusa, akatazama kioo.

"Hii ni nini, kijana?"

"Kromu, mzee. Ya lori la mawe."

"Hii ni kijivu."

"Kwani kromu si ni kijivu?"

Akanishika mkono akanitoa nje, akanisimamisha mbele ya bampa ya pikapu iliyokuwa imeegeshwa. "Niambie rangi unazoona hapo."

"Juu bluu. Chini kahawia. Katikati kuna mstari mweusi. Na kuna... ni mimi."

"Na rangi ya bampa yenyewe?"

Nikaitafuta. Haikuwepo.

"Basi," akasema. "Chuma hakina rangi yake. Chuma ni mwizi. Kinachukua vya jirani na kukuonyesha kama vyake. Ukitaka kuchora chuma, chora jirani zake."

Tangu siku hiyo kromu yangu ilikuwa na mbingu juu, udongo chini, na mstari mweusi wa upeo wa macho katikati, na hakuna mtu aliyenirudishia kazi.

Sasa, stili ya kusuguliwa ni jambo lingine. Chukua kijivu. Kinyunyizie chembechembe, zile zinazofanana na televisheni iliyokosa stesheni. Kisha iamuru kompyuta izivute chembe zote upande mmoja, kushoto kwenda kulia, mpaka ziwe kama nywele zilizochanwa. Pitisha mwanga juu yake na umepata mlango wa lifti. Wengi huishia hapo. Lakini hiyo ni stili isiyoishi na watu. Chuma kinachoishi na watu kina mikwaruzo, na ukiichora mikwaruzo kwa kipanya inatoka imenyooka kama mistari ya daftari. Mkono wa binadamu una kiwiko, na kiwiko kinazunguka kama bawaba. Kila mkwaruzo wa kweli umepinda kidogo. Nilihangaika na jambo hili karibu mwaka. Sikuweza kuuchora mkono wa mtu. Ikabidi niutafute mkono wenyewe.

Ndipo nikakumbuka sufuria ya mama.

Mama yangu anaishi Kaloleni, katika nyumba aliyopewa baba akiwa mfanyakazi wa reli. Ana sufuria moja kubwa, ile ambayo laini nzima ya nyumba huja kuazima kukiwa na harusi au matanga. Kifuniko chake kilikuwa kimesuguliwa kwa waya na jivu tangu mimi nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Jumapili moja nilimtembelea, nikala, nikanywa chai, na nilipotoka kifuniko kilikuwa ndani ya gazeti chini ya koti langu. Sikuomba. Ningeomba, angeuliza cha nini, na ningemweleza nini mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta? Nilitaka kukirudisha baada ya siku mbili.

Lakini skana, ile mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, ina kioo bapa, na kifuniko cha sufuria kina kingo zilizoinuka. Picha ilitoka na ukungu. Nikachukua makasi ya bati nikakata kingo zote, kikalala vizuri. Hapo ndipo nilipokuwa mtu mwenye kifuniko kisichoweza kurudi nyumbani.

Lakini ile picha! Ningependa mngeiona siku ile. Maelfu ya mikwaruzo, yote imepinda, mingine mipya na mingine imezeeka chini ya mipya, na alama za moto pembeni kama mawingu. Ukiitia bluu kidogo ni stili. Ukiitia kahawia ni shaba. Ukiilaza juu ya herufi yoyote, herufi inakuwa imeishi miaka thelathini. Nikaiita Chuma cha Musyoka. Kwa miaka tisa hakuna kazi ya chuma iliyotoka kwangu bila picha hiyo ndani yake.

Wiki iliyofuata ile Jumapili, mama alinipigia simu. Kifuniko kimeibwa. Na mwizi anamjua: Mama Wangari, wa mlango wa pili, kwa sababu ndiye aliyeazima sufuria mara ya mwisho, kwa matanga ya dadake.

"Anasema alirudisha na kifuniko," mama alisema. "Mimi nakumbuka sufuria tu."

Mimi nikasema, "Aii, watu." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Akina mama wawili waliokuwa wakianika nguo kwenye kamba moja tangu sisi tukiwa watoto wakaacha kusalimiana. Mama akafunga kamba yake upande wa pili wa nyumba, ambapo jua halifiki vizuri.

Nilijiambia nitamweleza kazi ikipungua. Kazi haikupungua.

Msinione mjinga. Kama kuna mtu aliyekuwa na shaka na kila mtu mjini hapa, ni mimi. Sikupokea flashi ya mteja bila kuikagua. Sikuondoka kwenye kiti huku kazi ikiwa wazi. Mtu asiyeomba kupunguziwa bei nilimshuku zaidi ya anayeomba. Alikuja mmoja wa hivyo, suti nzuri, viatu vimepigwa rangi, akataka picha ya sanduku la mbao limejaa vipande vya dhahabu, na gazeti la siku hiyo kando. Hakuuliza bei mara mbili. Nikamshuku palepale. Nikasema huyu atatoroka bila kulipa, nikachukua pesa yote mbele, nikaihesabu, nikaimulika kwenye taa. Ilikuwa nzuri. Nikamtengenezea. Vile vipande vilitoka vizuri sana, Mzee Kamau angelia. Kwamba mtu wa suti anataka kumwonyesha nani dhahabu asiyokuwa nayo, hilo sikuliuliza. Nilikuwa nimeshalipwa.

Hata Chuma cha Musyoka niliwauzia vijana wa mtaa hatimaye. Walikuja na "Niaje, buda, tuuzie hiyo ngozi ya chuma," nami nikawawekea kwenye flashi, mia mbili kila mmoja, na ushauri juu. Niliwaambia wote neno moja, na nyinyi lishikeni: chuma cha kweli hakijirudii. Ukitumia ngozi ile mahali pawili kwenye picha moja, igeuze, ipindue, ifute hapa na pale. Jicho la mtu halijui hesabu, lakini likiona mkwaruzo uleule mara mbili linashtuka hata kama mwenyewe hajui ameshtuka nini. Ukitaka kumkamata mwongo kwenye picha, tafuta marudio. Niliwaambia hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Macho yakaanza kuchoka, na siku hizi mtu anaandika maneno matatu kwenye simu mashine inamtemea chuma, tena chuma ambacho mwanga wake unatoka pande nne kama uwanja wa mpira. Nikafunga duka. Nilikuwa nimejenga vyumba vitatu kwenye ploti yangu Joska, nje ya jiji, kwa jasho langu, bila mkopo wa mtu. Kikabaki kitu kimoja. Mama alikuwa ameteleza kwenye mfereji wa maji akaumia nyonga, na kila nilipomwambia aje tuishi wote alinijibu vilevile.

"Nyumba ina geti?"

"Bado, mama."

"Basi ni banda la mbuzi. Weka geti, nitakuja."

Nilikwenda kwanza kwa Njoroge, fundi wa kuchomelea, Kware. Mtu wa maneno machache, miwani myeusi juu ya paji la uso. Nikamwambia anionyeshe kazi yake. Akanipa simu yenye kioo kilichopasuka. Picha ilipigwa dhidi ya jua, geti lote jeusi, na mbele yake kuna kuku.

"Mbona lina giza hivi?"

"Liko kwa kivuli."

"Na huyu kuku?"

"Ni wa mwenye nyumba."

"Ngapi?"

"Elfu arobaini na saba."

Nikamrudishia simu yake. Mtu anayeficha kazi yake kwenye giza na kukuwekea kuku mbele ana jambo. Nikamwambia nitarudi, kwa sauti ile ambayo fundi yeyote anaijua.

Geti langu nililipata kwenye simu, kwenye tangazo. Jamani, lilikuwa geti. Paneli sita za stili iliyosuguliwa, misumari ya shaba, juu kuna mikuki. Elfu hamsini na tano. Mimi sikukimbilia. Nililikagua siku tatu. Nilikuza picha mpaka ikawa vigae. Jua: upande mmoja, kushoto, kila kivuli kinakubali. Giza: lipo la kutosha, aliyepiga hakuogopa. Jirani zake: mbingu juu ya paneli, udongo mwekundu chini, kama Mzee Kamau alivyosema. Nikabaki na mikwaruzo. Nikakuza paneli moja, ile ya juu kushoto, nikaitazama kwa nusu saa nzima na miwani yangu ya kusomea. Kila mkwaruzo umepinda. Mingine imezeeka chini ya mipya. Hakuna kompyuta iliyotoa kitu kile, huo ulikuwa mkono wa mtu. Nilihisi kama chuma kile nakijua tangu utotoni, na nikaichukua hisia ile kuwa ndiyo uhakika.

Nikapiga simu. Sauti ya msichana, adabu tele. "Karibu sana, mzee wangu." Nikamtega: bawaba ni za aina gani, bati ni la unene gani, mlango mdogo unafungukia wapi. Akajibu yote. Nikatuma elfu thelathini. Alhamisi akanipigia kwamba lori limeshapakia, nitume iliyobaki pamoja na elfu nne ya mafuta. Nikatuma elfu ishirini na tisa, nikaenda moja kwa moja Kaloleni kumwambia mama afunge mizigo.

Nilimkuta ameketi kitandani, mguu juu ya mto.

"Geti limepatikana, mama. Kesho linafika."

"Nilione."

Nikampa simu. Akaisogeza mbali na uso, mkono wote umenyooka.

"Kufuli inakaa wapi? Nikuzie hapo."

Nikamkuzia paneli ya katikati, chini. Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali tena.

"Hiki ni kifuniko changu."

"Mama, hilo ni geti."

"Nimeona ni geti. Mimi sijapofuka. Nimesema hiki ni kifuniko changu." Akaweka ukucha kwenye kioo. "Hii alama niliichonga mimi kwa msumari. Mistari mitatu imesimama, mmoja umelala. Nani asiyeweka alama kwenye chombo chake, kikienda matanga kirudi? Wengine wanapaka rangi ya kucha. Mimi nilichonga."

Nikatazama. Katikati ya maelfu ya mikwaruzo ile kulikuwa na mistari minne midogo. Nilikuwa nimeitazama miaka tisa, nikaipa bluu, nikaipa kahawia, nikaiona mikwaruzo tu.

"Na hii hapa tena," mama akasema. Kidole chake kilikuwa kimeshajifunza kusukuma picha. "Na hii. Na hapa imepinduliwa kichwa chini. Kwani vifuniko vyangu vilikuwa vingapi?"

Paneli sita. Alama sita. Mimi nilikagua paneli moja. Nusu saa nzima, paneli moja.

Nikapiga ile namba. Haipatikani. Nikapiga tena nimesimama, nikapiga nikiwa mlangoni. Mpaka leo haipatikani.

Nyuma yangu nikasikia mama anatafuta viatu.

"Nilijua," alikuwa akisema. "Nilijua tangu siku ile. Mama Wangari ameuza kifuniko changu kwa watu wa mageti. Leo atanieleza mbele ya watu. Nipe hiyo simu, nataka waione wote."

"Mama, keti."

"Nikae? Miaka yote hii ananipita hapo na kichwa juu kama padri!"

"Mama, keti. Ni mimi."

Akaketi. Nikamweleza. Gazeti, koti, skana, makasi ya bati, vijana na flashi zao. Kwa mara ya kwanza nilimweleza mama kazi yangu ni nini hasa, na sikuona pa kujisifia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Ulikikata?"

"Nilikata kingo, mama."

"Na alama hukuiona."

"Niliona mikwaruzo."

"Mikwaruzo," akasema. Akatazama ukuta. "Mitatu iliyosimama ni nyinyi watatu mliobaki. Uliolala ni Kioko."

Kioko alikuwa mdogo wangu. Alikufa akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na saba. Nilimuuza kwa mia mbili, kwa kila aliyekuja na flashi.

Mama hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alichukua fimbo yake, akasimama polepole.

"Tangulia hapo jirani. Mimi niko nyuma yako. Na utaongea wewe."

Mama Wangari alikuwa mlangoni kwake anamenya njegere kwenye beseni. Aliponiona hakushtuka. Alipomwona mama nyuma yangu, njegere zikamwanguka.

"Mama Musyoka amekuja kwangu? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," mama akasema. "Huyu ana maneno."

Nikasema. Safari hii yalikuwa machache, kwa sababu mtu hawezi kumweleza Mama Wangari habari za skana. Nilimwambia: kifuniko nilichukua mimi, baada yako kukirudisha, nikakiharibu, nikanyamaza.

Aliokota njegere moja, akaitupa kwenye beseni.

"Unajua," akamwambia mama, wala si mimi, "nilipekua nyumba yangu mara mbili. Chini ya kitanda, juu ya dari. Nilisema labda kweli nimekichukua na nimesahau. Nikamshuku hata Baba Wangari, Mungu amrehemu, kwamba amekiuza apate cha kunywa. Alikufa hajanisamehe hilo."

"Mimi nilikuhukumu," mama akasema.

"Ulinihukumu. Hata kanisani nikiketi nyuma yako, shingo yako inaniambia mwizi, mwizi."

"Na wewe ulikuwa ukiimba kwa nguvu ili nisikie."

"Nilikuwa naimba ili *Mungu* asikie. Wewe ulikuwa karibu tu."

Nikasikia kitu ambacho sikutarajia, kicheko cha mama, kile cha puani. Mama Wangari akasogeza stuli kwa mguu.

"Keti, hiyo nyonga haifai kusimama. Na wewe," akaniambia, "mtu mzima na mvi zako, menya njegere."

Nikamenya njegere. Nilimenya beseni zima huku wao wakizungumza kana kwamba walikuwa wameachia maneno jana.

Jumatatu nilirudi Kware. Njoroge alinyanyua miwani yake.

"Si ulisema picha yangu ina giza?"

"Nilisema."

"Na kuku?"

"Kuku nimemkubali. Nifanyie geti."

"Chuma kimepanda. Ni elfu hamsini na moja sasa."

Sikuomba kupunguziwa. Nadhani alinishuku.

Geti lake lipo, njooni Joska mlione. Ni zito, linalia likifunguliwa, pale alipochomelea kuna vinundu kama upele, na hakuna vinundu viwili vinavyofanana. Nimevitafuta. Nilipompigia mama kumwambia geti limesimama, alisikiliza vizuri, akaniuliza kama lina kufuli, nikasema lina kufuli mbili.

"Vizuri," akasema. "Lakini mimi siji."

"Mama! Si ulisema nikiweka geti?"

"Wakati ule sikuwa na mtu wa kuongea naye. Sasa ninaye. Nije Joska kuongea na geti? Niletee kifuniko changu."

Nikanunua kingine sokoni, kipya, kinang'aa kama uongo. Akakigeuza mkononi, akakipiga kwa kidole asikie mlio, kisha akafungua droo akanipa msumari. Mama Wangari alikuwa hapo, kikombe mkononi, anatazama. Nikachonga mitatu iliyosimama. Wa nne nikauchonga umelala. Nilipouinua msumari nikaona mstari wangu nao umepinda, kama inavyotakiwa.

Vijana, kagueni paneli zote. Na kabla hamjamshuku mtu wa mlango wa pili, angalieni mlichoficha chini ya koti lenu wenyewe. Mimi masomo hayo sikuyapata bure. Geti ambalo halikuwepo na mafuta ya lori lake, elfu hamsini na tisa. Geti la Njoroge, elfu hamsini na moja. Kifuniko, mia tatu na hamsini. Jumla ni shilingi laki moja na elfu kumi, mia tatu na hamsini.